Sura ya Nakhungu

Kitambaa kilipovutwa, waumini wakapiga makofi na akina mama wa viti vya nyuma wakapiga vigelegele. Wahu peke yake hakupiga. Alikuwa ameketi mbele kabisa, mahali pa wageni wa heshima, kilemba kipya kichwani, na mikono yake, ambayo wino hauishi kuganda kwenye kucha, ikabaki imelala mapajani. Aliitazama picha. Akainamisha kichwa, akaitazama tena kwa upande, akidhani labda ni mwanga wa dirishani unamchezea. Mwanga haukuwa na kosa lolote.

Mtu alikuwa ameipaka rangi sura ya Maria.

Chapa ya mbao aliyoileta Bungoma ilikuwa ya wino mweusi na wa samawati tu, kwenye karatasi nene yenye urefu wa mlango. Msichana mwenye shingo nene amesimama kizingitini mwa nyumba ya mabati, ghala la mahindi nyuma yake, na malaika amempigia magoti kwenye udongo. Sasa msichana yule alikuwa na mashavu ya waridi kama mwanasesere wa dukani. Macho yake, yaliyokuwa yakimkabili malaika bila kupepesa, yalikuwa yamegeuzwa kutazama juu. Nywele ndefu zilimwagika mabegani. Shingo imekondeshwa. Lakini ile mistari ya shairi iliyotoka kinywani mwa msichana kwenda sikioni kwa malaika haikuguswa hata herufi moja.

"Mama Wahu, msanii wetu wa Kitale," alisema Mzee Sifuna, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akiwa ameshika kipaza sauti. "Simama watu wakuone. Utuambie neno moja."

Wahu akasimama.

"Hii si picha yangu," akasema, na akaketi.

Mzee Sifuna akacheka kidogo, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyejikwaa, na padre, ambaye hakuwa na mwezi tangu ahamishiwe pale, akaanzisha sala upesi.

Wahu hakuwa mtu wa kugombana hadharani. Wazazi wake walitoka Murang'a wakapata shamba upande wa Kachibora kabla hajazaliwa, na mtoto wa wahamiaji hufundishwa mapema kufunga mdomo mbele za watu. Mama yake alifua nguo katika nyumba ya masista mjini Kitale, na ni humo, kwenye rafu ya chumba cha kusomea, Wahu mdogo alikokuta kitabu kikubwa cha picha za makanisa ya Italia, zilizochorwa kutani na kwenye mbao yapata miaka mia sita iliyopita. Aliwapenda watu wa picha zile kwa sababu hawakuwa warembo. Walikuwa na miguu mizito, wamesimama ndani ya vijumba vilivyoondolewa ukuta mmoja ili mtazamaji aone ndani, na nyuso zao zilikuwa za watu walioitwa ghafla kutoka kupalilia. Picha moja ilimkaa moyoni kuliko zote. Malaika anamletea Maria habari, maneno yake yanamtoka kinywani kwa herufi za dhahabu, na jibu la Maria limeandikwa juu chini, kwa kuwa msomaji wake yuko mbinguni. Miaka mingi baadaye, alipojifunza kuchonga mbao na kupiga chapa, akaona kwamba kila neno lazima alichonge kinyume ili litoke sawa kwenye karatasi, alihisi kama amekuta ndugu zake wa damu waliokufa zamani.

Mashairi aliyapata kwa Nelima. Nelima alikuwa mwalimu wa Kiswahili Bungoma, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyoweza kunyamazisha ukumbi mzima wa wanafunzi bila kupandishwa. Walijuana kwenye tamasha la shule, na tangu siku hiyo Nelima hakutunga shairi ambalo Wahu hakulisikia kwanza kwenye simu, huku ananoa patasi zake. Mmoja aliandika, mwingine alichonga. Watu wa Kitale walizoea kuwataja kwa pumzi moja.

Shairi la msichana na malaika Nelima alilitunga mwaka ambao binti yake, Nakhungu, alipata mimba akiwa kidato cha tatu, kanisa likamtoa kwenye kwaya. Lilianza hivi:

Umekuja bila hodi, mlango haukufungwa,
Habari zako baridi, na mwili wangu wapangwa,
Uliza, sitakaidi, ila niwe sijafungwa,
Neno langu ndilo zito, ngojea ulipokee.

Wahu aliposikia ubeti huo aliweka patasi chini. Miaka michache baadaye, msimu mzima wa mvua, alichonga mbao za mvule, na ilipofika zamu ya sura, akaenda kwa Nakhungu mwenyewe. Wakati huo Nakhungu alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na soko la Bungoma, mtoto wake akicheza na vipande vya vitambaa sakafuni. Alikubali kuchorwa, pini zikiwa mdomoni.

"Chora vile niko," alimwambia. "Usinifanye mzuri."

Kwa hiyo misa ilipokwisha na watu wakatoka kwenda kunywa chai hemani, Wahu hakwenda hemani. Alimkuta Mzee Sifuna katika chumba cha nyuma ya altare, akikunja kile kitambaa kwa uangalifu wa mtu aliyefanya kazi ofisini maisha yake yote.

"Nani aliipaka?"

"Kijana wa mabango. Yule anaandika maduka yote ya hapa. Ni fundi kabisa."

"Mimi sikuuliza ufundi wake. Nani alimruhusu?"

"Kamati iliketi, Mama." Mzee Sifuna akaweka kitambaa mezani. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomchoma Wahu zaidi. "Sikia. Hiyo sura inajulikana. Watu walisema, sasa utapiga magoti namna gani, ukiinua macho unaona mtu yenye alikushonea sketi? Tena mtu yenye hiyo mambo yake tunajua?"

"Maria naye majirani zake hawakumjua? Hawakumsema?"

"Hiyo ni Biblia. Hii ni Bungoma."

"Mngeniita. Mngeniambia haiwafai, ningeichukua nirudi nayo nyumbani."

"Si tuliona hakuna haja. Mama yake alikubali."

"Mama yake nani?"

"Si Mwalimu Nelima. Alisema sawa, pakeni."

Wahu alisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi na mkono asiouona. Kisha akapita mbele ya mwenyekiti, akarudi kanisani, akavuta kiti, akapanda, akaishusha fremu ukutani. Ilikuwa nzito ikamkwaruza mkono. Akailaza kifudifudi kwenye kiti, akatoa misumari ya nyuma kwa ncha ya kisu chake cha kazi, kile anachotembea nacho mkobani kama wengine wanavyotembea na kalamu.

"Mama, hiyo ni mali ya kanisa," Mzee Sifuna akasema kutoka mlangoni.

"Karatasi ni ya kanisa. Jina ni langu."

Akaikata pembe ya chini iliyokuwa na sahihi yake, kipande kisichozidi kiganja, akakitia mkobani. Misumari hakuirudisha.

Nelima alikuwa ameondoka kanisani kabla ya baraka za mwisho. Nyumbani kwake, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Kanduyi, harufu ya kuku ilimlaki Wahu getini. Meza ilikuwa imetandikwa, ugali umefunikwa, maji ya kunawa yako tayari. Nelima alitoka jikoni na kanga kiunoni, akaona uso wa mwenzake, akasimama.

"Karibu, dada. Kaa kwanza."

"Sikuja kula."

Kumkatalia mwenye nyumba kuku aliyemchinja kwa ajili yako ni jambo zito Bungoma, na Wahu alilijua. Nelima akavuta pumzi, akaketi yeye.

"Ulijua," Wahu akasema.

"Nilijua."

"Jana tumeongea kwenye simu. Umeniuliza nitavaa kilemba gani."

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Hapana."

"Basi." Nelima alikuwa akivuta uzi kwenye pindo la kanga. "Watambatiza mtoto, Wahu. Miaka yote hii nimewaomba, walikuwa wananizungusha. Sifuna alikuja akakaa hapo hapo, akasema haya mawili hayaendi pamoja, mama ukutani na mtoto kwenye maji, watu watasema tunasifu uzinzi. Nichague moja. Nikachagua mjukuu wangu. Wewe ungefanya nini?"

"Ningemwambia Sifuna atoke nyumbani kwangu."

"Ni rahisi ukiwa Kitale. Mimi nazikwa hapa. Hawa ndio watanibeba."

"Na shairi lako? Mbona hilo halikupakwa?"

Nelima akauvuta ule uzi hadi ukakatika.

"Maneno yamebaki yote," Wahu akaendelea, na sasa sauti yake, ambayo tangu asubuhi alikuwa ameishikilia, ikamponyoka. "Hilo shairi umelisoma Nairobi. Umelisoma Kisumu, watu wakalia, wakakupa maua. Nakhungu anafaa kuliliwa. Kutazamwa ndiyo hafai."

"Usinifundishe uchungu wa mtoto wangu."

"Sikufundishi. Nakuuliza kwa nini umemfuta."

"Wewe una Ngige," Nelima akasema polepole. "Mtoto wa kiume. Kijana akikosea anahama mji, anaoa, mambo yanaisha. Hujui kutembea sokoni nyuma ya binti yako ukisikia watu wakinyamaza. Nenda, Wahu. Chakula kitapoa."

Wahu akaenda. Kuku alibaki mezani amefunikwa.

Siku zilizofuata hazikuwa na faida yoyote kwake. Karakana yake ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya nyumba, Kitale, na kila alipoingia humo alikuta mbao za ile chapa zimeegemea ukuta, sura ya Nakhungu ikimtazama kinyume, kama inavyotazama kwenye ubao. Alianza kazi nyingine akaiharibu. Alijikata kidole. Alimtumia Mzee Sifuna ujumbe mrefu, akapata jibu la picha ndogo ya mikono iliyokunjwa kwa sala. Nelima alipiga simu mara moja. Wahu aliiacha ilie hadi ikachoka, akabaki amekasirika kwamba haikupigwa mara ya pili.

Mumewe, Gathii, alimwambia asamehe, kwa kuwa hasira ni sumu. "Basi niache niinywe," Wahu akamjibu, na Gathii akaenda kuangalia ng'ombe.

Nakhungu alikuja bila kupiga simu. Alimkuta Wahu akisugua meza, akasalimia, akavuta kibao akaketi mbele ya zile mbao. Wahu alijawa na furaha ya ghafla; alidhani amekuja kumshukuru. Watu walikuwa wamempigia kumsifu kwa kisa cha sahihi, kimesimuliwa hadi Cheptais. Akamletea chai.

"Mama amenieleza," Nakhungu akasema. "Na wewe umekata jina lako. Watu wanasema umejitetea vizuri."

"Nilikutetea wewe."

"Hapana, Anti. Ulikata jina lako, ukaacha sura yangu hapo na hizo nywele za mzungu." Hakuwa amepandisha sauti. "Sikukuja kulia. Nilikuja kukuambia mmekula kwangu nyote wawili. Mama ameniuza kwa ubatizo, na mtoto ni wangu, hata hajaniuliza kama nataka. Na wewe, ile siku ya maonyesho hapa Kitale, kuna mteja wangu alikuwepo. Alinirudia akaniambia, ati msanii ametueleza hadithi ya msichana wa picha, vile alifukuzwa kwaya, vile alipata mtoto. Nilikupa sura. Hadithi nilikupa lini?"

Wahu akafungua mdomo. Alikumbuka siku ile vizuri: watu wamejipanga nusu duara mbele ya chapa, wamekunja nyuso kwa huruma, na yeye akizungumza, akizungumza, akipendezwa na jinsi walivyonyamaza kumsikiliza. Akaufunga mdomo. Hasira aliyokuwa ameilea tangu Bungoma, akiihesabu kuwa safi, ilimgeukia ikamwuma.

"Hukunipa," akasema mwishowe.

"Basi."

Chai ilifanya utando juu. Kisha Nakhungu akainuka, akapitisha kidole kwenye ubao, juu ya herufi zilizochongwa kinyume, kutoka mdomo wa msichana hadi sikio la malaika.

"Haya ndiyo maneno ya Mama?"

"Ndiyo."

"Nataka kuyatoa."

"Kuyatoa vipi?"

"Si kila kitu chenye kimesimama hapa ndicho kinashika wino? Ulinifundisha ukinichora. Nikiyakwangua hayataonekana."

"Nakhungu, hayo nilichonga msimu mzima. Yakitoka hayarudi."

"Hiyo ndiyo nataka. Hilo jibu si langu. Mimi sikumwambia mtu, uliza, sitakaidi. Hakuna mtu aliuliza. Na mimi sikusema kitu kitamu namna hiyo."

"Ulisema nini?"

"Hiyo nayo unataka kuchonga?"

Wahu alitoka nje. Alisimama karibu na tangi la maji, ameshika kiuno kwa ghadhabu. Kumwona mtu akikwangua kazi yake mara ya pili ndani ya mwezi mmoja kulikuwa kama kuombwa ashike taa huku anaibiwa. Kijana wa mabango alikuwa amefanya nini tofauti? Alijiuliza hivyo kwa uchungu, akitaka swali limpe haki, na jibu likaja bila kumbembeleza: kijana wa mabango hakuwa mwenye sura.

Aliporudi ndani, Nakhungu alikuwa bado amesimama palepale. Hakuwa amegusa chombo chochote. Alikuwa akimngoja.

Wahu akachagua patasi yenye mdomo wa mviringo, akaijaribu kwenye ukucha, akampa.

"Sukuma mbali na wewe," akasema. "Mkono wa kushoto ukae nyuma, usiutangulize."

Nakhungu alikuwa na mikono ya fundi, alijifunza haraka. Vipande vya mvule vilianguka sakafuni, herufi baada ya herufi, hodi, baridi, wapangwa. Wahu alivitazama vikianguka na machozi yakamjaa, si ya huruma, ni ya hasira tupu, na hakuyafuta. Mara moja tu alimshika kiwiko, patasi ilipoteleza kuelekea shavu la msichana.

Wakapaka wino kwa rola, wakalaza karatasi, wakasugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, mmoja upande huu, mwingine upande ule, hadi mabega yakauma. Walipoibandua, msichana alitoka mweusi na samawati, shingo yake nene, macho yamemkazia malaika. Kinywani mwake ulitoka mkanda mweupe mtupu, ukaenda moja kwa moja hadi sikioni kwa yule aliyepiga magoti. Sasa malaika alionekana kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua.

Wahu hakuweza kusema kama ni nzuri kuliko ya kwanza. Aliuliza tu, "Nitie sahihi wapi?"

"Tia nyuma," Nakhungu akasema. "Na mimi nitatia."

Nakhungu aliitundika kibandani kwake, ikitazama barabara. Wanawake wa sokoni walikuja kuiona, wengine wakacheka, wengine wakasimama mbele yake hadi wakasahau walichotaka kushonewa. Mzee Sifuna alikuja kuchukua suruali yake, akauliza kama hii ndiyo ile. "Ndiyo ile," Nakhungu akamjibu, akamkunjia suruali. Habari ya ubatizo Nakhungu aliimaliza mwenyewe: alikwenda kwa padre, akamwuliza kama ni kweli maji ya ubatizo yana masharti ya picha. Padre hakuwa amesikia habari hiyo, akaona aibu, na mtoto akabatizwa Jumapili ambayo Nakhungu alichagua. Picha iliyopakwa rangi bado iko kanisani, haina jina pembeni, na wapo wanaoipenda sana.

Wahu alirudi Bungoma baada ya mvua kuanza, amebeba nakala nyingine ambazo Nakhungu alikuwa ameagizwa na wateja. Alipoinama kuingia kibandani, alimkuta Nelima. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya kuku. Nelima alikuwa amesimama mbele ya chapa, mwavuli unamdondoshea maji miguuni.

"Maneno yangu yako wapi?" Nelima akauliza bila kugeuka.

"Niliyatoa," Nakhungu akasema kutoka kwenye cherehani.

"Na wewe ukamwacha." Sasa Nelima aligeuka, akamtazama Wahu. "Mbele ya Sifuna unatoa kisu kwa sababu ya jina lako. Shairi langu linakwanguliwa, unashika taa."

"Nilimpa patasi."

"Sikia anavyosema. Nilimpa patasi."

"Ulitaka nimnyime? Baada ya vile ulimfanyia?"

"Mimi nilimfanyia? Na ile mihadhara yako Kitale?"

"Hiyo amekwisha kunilipisha. Wewe deni lako..."

Cherehani ilisimama. Mteja mmoja, mama aliyekuja kupimwa gauni, alikuwa ameinua mikono juu, futi aliyoachiwa na fundi imemzunguka kifuani, hajui aishushe au aiache.

"Mama," Nakhungu akasema. "Anti. Hapa ni kazini. Kama mnataka kugombana, gombaneni huko nje."

Wanawake wawili wazima wakatazamana. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nelima akaufungua mwavuli mlangoni, akatoka, Wahu nyuma yake, na baada ya hatua mbili akausogeza upande kidogo, kwa kuwa uso wa Wahu ulikuwa unalowa na hakutaka apate kisingizio cha kumkimbia.

"Haya," Nelima akasema. "Anza wewe."

Wahu akaanza.